Jiwe Tuliloliita Shangazi

Kila Desemba, shule zikifungwa,
baba alifunga daftari la pamba pale Malampaka,
tukapanda treni ya usiku, ndoo ya maandazi magotini,
na alfajiri Mwanza ikatupokea kwa mawe yake
yaliyobebana mgongoni bila kanga.

Bugoyela haikuwa na bango.
Ulishuka penye duka la mafuta ya taa,
ukafuata harufu ya dagaa mpaka mchanga uingie viatuni.
Mama Ng'washi alikuwa na vibanda sita,
mkeka, chandarua, kibatari; choo kimoja cha wote,
nacho tulikiendea kwa zamu na kwa kikohozi.
Mwalimu wa Nzega, nesi wa Bariadi,
fundi saa wa Tabora na wanawe wanne wasiojua kunong'ona:
siku kumi na nne tulikuwa kijiji,
halafu tukasahauliana hadi mwaka mwingine.

Na lilikuwapo jiwe.
Mgongo mpana, kiuno ndani ya maji,
limekaa kama mtu aliyekataa kuondoka msibani.
Dada yangu Holo aliliita Shangazi, jina likashika.
Tuliruka kutoka begani kwake.
Tulianika nguo pajani pake.
Mnandi walikausha mabawa kichwani
na hakuna aliyewadai kiingilio.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo penye aibu yangu:
mimi ndiye niliyenunua kiwanja cha kwanza.
Nilikuwa na mshahara, na mume, na gari la mkopo,
na choo cha zamu kilikuwa kimenichosha.
Mimi niliandika barua ya kuomba nguzo ya umeme.
Mimi nilijenga ukuta, mfupi tu, wa magotini,
kuzuia mbuzi, nilisema,
na Mama Ng'washi akacheka:
Mbuzi hawajui kusoma ukuta, mwanangu.
Watu ndio wanaosoma.

Walisoma.
Mwaka uliofuata kuta tatu, kisha kumi na moja,
kisha lodji ya ghorofa mbili, kisha ya nne,
kisha mtu wa Dar na ramani kwapani
akiupima mchanga kwa hatua za viatu vinavyong'aa.
Fundi saa alikuja mara moja ya mwisho,
akauliza bei ya chumba,
akatazama saa yake,
akarudi stendi.

Shangazi walimpasua mwezi wa saba. Sikuwepo.
Holo alinipigia simu: siku tatu, baruti na nyundo,
na wanawake wamekaa juani wakiponda magoti yake
kuwa kokoto, mia tano kwa ndoo.
Minza wa Mama Ng'washi alikuwa mmoja wao.
Ungemwambia nini? Ada ni ada.

Leo nimelipa elfu kumi na tano getini.
Wamenifunga utepe wa plastiki mkononi
kama kichanga wodini.
Kibao kinasema: Usioge ziwani, tumia bwawa.
Bwawa lina buluu ambayo ziwa halijawahi kuivaa.
Nyuma ya jiko bomba linakohoa taratibu
ndani ya magugumaji,
na wadudu wa ziwa, waliokuwa wakipanda kule mbali kama moshi,
sasa wanakuja wote kwenye taa za baa;
asubuhi wanazolewa kwa koleo.

Mlinzi anaitwa Lugwisha. Ana macho ya bibi yake.
Ameniuliza kama natafuta mtu.
Nimesema hapana.

Kati ya bwawa na baa wametandaza njia ya kokoto,
za kijivu, zenye chembe zinazometa.
Nimechuchumaa, magoti yakilalamika,
nimeokota moja.
Ina joto. Hilo tu ndilo nimelitambua:
ndivyo alivyokuwa saa kumi jioni,
akiurudisha mchana kidogo kidogo
kwenye migongo yetu iliyolowa.

"Mama, hiyo ni mali ya hoteli,"
amesema Lugwisha, kwa sauti, upande wa kamera.
Kisha amenipa kisogo
akalitazama ziwa,
muda mrefu kuliko inavyotakiwa na kazi.